Huyu ni wa Nani?

Amahoro, wasikilizaji wapendwa. Amahoro kwa aliye sokoni Rumonge, kwa aliye Nyanza-Lac kwenye mashine ya mawese, na kwa mama anayeanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kule Gitaza huku redio ameitundika kwenye uzio. Leo punguzeni kelele kidogo. Mwenye kukaanga apunguze moto. Tuna msiba.

Profesa Zabroni amefariki. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Profesa Zabroni, mganga wa hospitali na mwalimu wa waganga, amefariki nyumbani kwake hapa Rumonge, akiwa na miaka sitini na saba. Najua wapo watakaouliza, Zabroni yupi? Huyo huyo. Yule mwenye sauti ya mafua. Yule aliyekuwa akija hapa studio, anavua viatu mlangoni utadhani anaingia msikitini, na hali yeye ni Mkristo wa kuimba kwaya. Anakaa kwenye kiti hiki cha pembeni, anakohoa, halafu anawaambia: "Mwanaume. Umri kama miaka thelathini. Ana kovu juu ya goti. Ameokotwa ufukweni. Huyu ni wa nani?"

Sasa mmemkumbuka. Na baadhi yenu mlikuwa mkizima redio akianza. Msinikatalie, mlinipigia simu wenyewe: "Mwamini, huyo muzee anatuharibia chakula!" Nilimfikishia salamu zenu. Alicheka akasema, basi nitakuja wakiwa wameshashiba. Akaanza kuja saa tisa.

Kwa nini profesa mzima, mwenye gari na koti jeupe, alikuwa akisafiri na maiti za wenyewe mdomoni? Hilo ndilo nataka kuwasimulia leo. Na nitalisimulia kwa upande wa mkewe, mama Kornelia, kwa sababu yeye ndiye aliyebaki na mzigo. Nilikwenda kwake juzi kumpa pole. Nikamuuliza niseme nini na niache nini. Akanijibu, "Sema yote, mwanangu. Ukianza kuchagua utakosea."

Basi nisikilizeni.

Zabroni alizaliwa huku huku kwetu, mlimani, pale unapoliona ziwa lote chini. Mwaka wa sabini na mbili, mwaka ambao wazee wetu wakiutaja wanashusha sauti, baba yake aliitwa na watu waliokuja na gari. Akatoka na koti lake begani. Hakurudi. Hakuna aliyeonyeshwa kaburi. Zabroni alikuwa na miaka kumi na minne. Mama yake alivuka ziwa na watoto, mdogo wake Venanti akiwa mgongoni, wakaenda kuanza maisha porini, Ulyankulu, Tanzania.

Huko ndiko alikosoma kwa taabu, akawa mganga. Huko ndiko alikomwoa Kornelia, naye binti wa wakimbizi. Na huko, wasikilizaji wapendwa, ndiko walikozika watoto wao wawili wa kwanza. Homa ya malaria iliwachukua, mmoja baada ya mwingine, na baba yao ni mganga. Watu walimwambia Kornelia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Baadaye akapata Jovita, binti ambaye mpaka leo yupo.

Siku ya kurudi Burundi, wenzake walikuwa wakifunga magodoro na sufuria. Kornelia alichukua ufagio akaenda makaburini. Akafagia yale makaburi mawili madogo, akayaaga. Aliniambia, "Nilipopanda lori sikulia. Niliapa tu moyoni. Nikasema, anayefuata kufa kwangu atazikwa kwetu, kwenye udongo wetu, mahali ambapo nikiamka naweza kufagia."

Lishikeni hilo. Kornelia hakudai mali, hakudai jumba. Alitaka kaburi moja la karibu.

Shamba la baba yake Zabroni walilikuta na watu wengine ndani. Walizungushwa ofisini hadi Venanti akaota mvi, mwishowe wakapewa nusu. Kitu cha kwanza Zabroni alichofanya kwenye nusu ile ni kusimika msalaba wa baba yake. Chini ya msalaba hakuna mtu. Kila Jumamosi Kornelia aliufagia hivyo hivyo.

Zabroni akapata kazi ya kufundisha katika shule moja ya udaktari, mjini Bujumbura. Alifundisha somo la mwili. Na somo la mwili, samahani kwa walio na sahani mbele, linafundishwa kwa maiti. Daktari hawezi kukupasua wewe uliye hai kama hajajifunza kwa aliyekufa. Maiti hizo ni za watu waliookotwa bila jina, wakalala chumba cha maiti, wakasubiriwa na asitokee mwenyewe.

Zabroni alipoingia pale alianzisha desturi yake. Kila maiti alifunikwa uso kwa kitambaa cheupe. Wanafunzi walianza mkono, wakaja mguu, wakaja kifua. Uso ulikuwa wa mwisho kabisa. Wakimuuliza sababu, alisema, "Uso ni mali ya ndugu zake. Ninyi mmekopeshwa mwili tu." Vitambaa vile Kornelia alivishona mwenyewe kwa cherehani, akavifua na kuvipiga pasi. Alikuwa akiona fahari. Alijua mumewe anafanya kwa wale maiti adabu ambayo baba yake hakufanyiwa.

Jamani, wema nao unaweza kuua. Sikilizeni.

Kulikuwa na mwanafunzi wa Gitaza aitwaye Fahima. Binti wa wavuvi, mtoto wa mama Kadidja, yule anayeuza ndagala barabarani. Mwaka ule kaka yake, Amuri, alitoka kuvua na upepo ukawakuta ziwani. Mtumbwi ulionekana umepinduka upande wa Rumonge. Kwa hiyo ukoo mzima ulimtafuta kusini, wakafika hadi Nyanza-Lac. Hawakumwona. Wakamswalia akiwa hayupo, wakamsomea hitima, Fahima akarudi shuleni na kilemba cha msiba.

Lakini maji hayamwulizi mtu anakotoka. Mtumbwi ulibaki kusini, na Amuri mwenyewe maji yalimpeleka kaskazini, karibu na Bujumbura. Akaokotwa hana nguo wala kitambulisho. Akalala chumba cha maiti bila jina. Ndugu zake walikuwa wakimlilia kusini, na yeye yuko kaskazini.

Mmeshaanza kuelewa.

Meza ya Fahima ilipangiwa mwanaume aliyefunikwa uso. Wiki baada ya wiki alisoma mkono ule. Siku moja alisema mbele ya wenzake, "Profesa, huyu alikuwa muvuvi. Ona kamba ilivyomukata kiganja." Zabroni akamsifu. Akawaambia wengine, "Mnaona? Fahima anasoma." Waliendelea. Mkono, mguu, kifua. Halafu ikafika siku ya uso, na Zabroni akamwambia Fahima, kwa kuwa ndiye mwanafunzi bora, aondoe yeye kitambaa.

Fahima hakupiga kelele. Waliokuwepo wanasema aliita tu, "Amuri," taratibu, kama unavyomwamsha mtu aliyelala. Akaita tena. Halafu akakirudisha kitambaa usoni, akakaa chini sakafuni na kisu mkononi, ikabidi Zabroni apige magoti kumfungua vidole.

Mchana huo Zabroni alirudi nyumbani. Kornelia alikuwa ameandaa chakula. Alimsikia akinawa mikono uani, anarudia, ananawa tena. Akamfuata. "Baba Jovita, kuna nini?" Zabroni alisema, "Kile kitambaa, mama. Ningemwacha uso wazi, angemjua siku ya kwanza, kabla hajamgusa." Kornelia aliangalia vidole vyake mwenyewe, vilivyoshona. Aliniambia kwamba mpaka leo cherehani hajaigusa.

Walimrudisha Amuri Gitaza wao wenyewe, mume na mke, pamoja na Fahima. Maimamu walimsitiri jinsi alivyokuwa, kwa sababu hakuwa wa kuoshwa tena. Mama Kadidja aliomba amwone mwanawe. Wakamkatalia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alimgeukia Zabroni mbele ya umati, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei:

"Dokta, mutoto yangu mulimukata?"

"Ndiyo, mama. Tulimkata."

"Na weye, mutu wako, wa nyumba yako, ungemuweka pale juu ya meza?"

Kornelia alikuwa amesimama nyuma ya mumewe. Alimjua. Alijua anakwenda kujibu. Aliliwahi koti lake akalivuta, lakini wapi! Zabroni alisema, "Mama Kadidja, siku yangu ikifika, meza ile nitalala mimi mwenyewe. Uso wazi. Mbele ya watu hawa nasema."

Ahadi ni deni, wasikilizaji wapendwa. Na hii ilisemwa kwa mama mwenye jeneza mbele yake. Ile ndoto yake ya kaburi, mumewe alikuwa ameitoa kwa neno moja, bila hata kumtazama. Njiani, kwenye gari, alimwambia, "Umenichinja." Zabroni akasema, "Najua."

Tangu siku ile vitambaa vilitupwa. Na tangu siku ile hakuna maiti aliyelazwa mezani kabla Zabroni hajapita pwani nzima kumtangaza. Alianzia Muhuta akashuka Gitaza, akaja huku kwetu, akamalizia Nyanza-Lac. Kisha akaja hapa studio na kuvua viatu vyake. "Huyu ni wa nani?" Walipatikana wengi. Kuna baba hapa Rumonge alimpata mwanawe kwa sababu ya kovu mlilolisikia mkiwa mnakula. Ninyi mliozima redio, mtanisamehe, lakini jirani yenu hakuizima.

Kule shuleni kuna ukumbi mrefu wenye picha za waganga waliofundisha pale tangu mwanzo. Wamevaa makoti meupe, wengine na masharubu yao, wamenyooka kama wanasubiri kupigwa saluti. Kila mkuu wa shule mpya alimwomba Zabroni apigwe picha atundikwe. Alikataa. Alisema, "Hao waliolala mezani ndio walimu wa kwanza wa shule hii. Wakipata picha wao, nami nitakuja." Walimwona mkaidi. Alikuwa mkaidi kweli, Kornelia hakatai.

Mwezi huu, asubuhi moja, Zabroni alikuwa shambani akiwasimamia watu wanaokata ngazi, yale mashada ya chikichi za mawese. Akaomba maji. Kornelia alipofika na kikombe, mzee alikuwa amekaa ameegemea shina, mdomo umekwenda upande. Alikufa kabla gari halijafika.

Venanti, mdogo mtu, hakuuliza lolote. Alichukua jembe. Alichimba kaburi kando ya msalaba wa baba yao, akalichimba vizuri, kuta zimenyooka. Kornelia alikwenda kuliona. Aliniambia, "Mwamini, lilikuwa zuri. Nilitamani niingie mimi." Kutoka mlangoni kwake hadi pale unafika na ufagio bila kuchoka.

Shule ikapiga simu kutoa rambirambi. Neno la Zabroni walilijua, lakini walisema kwa adabu kwamba uamuzi ni wa familia. Venanti akapandisha hasira. "Uamuzi upi? Kaburi la baba ni tupu. La kaka nalo liwe tupu? Tulirudi kufanya nini nchi hii?" Watu wa msibani wakaitikia. Jovita, binti yake, alilia tu. Kornelia alikaa kwenye mkeka. Moyo wake wote ulikuwa upande wa Venanti, na masikio yake yalikuwa bado Gitaza.

Sasa hapo, gari la abiria likasimama barabarani. Akashuka mama Kadidja, ameshikwa mkono na binti yake Fahima. Fahima leo ni daktari, na somo la mwili pale shuleni analifundisha yeye. Ndiyo. Huyo huyo. Watu walidhani bibi amekuja kudai ile ahadi.

Mama Kadidja aliketi kwenye mkeka, magoti yanagusana na ya Kornelia. Akasema, "Mama Jovita, pole sana. Ile neno bwana yako alisema kwangu, mimi nimelirudisha. Nilimusamehe zamani, kila akipita Gitaza alikunywa chai kwangu. Sikutaka hivi. Muzike mutu wenu."

Venanti alipiga makofi akamshukuru Mungu kwa sauti, akamshukuru na bibi. "Murakoze, mama! Murakoze cane!" Wazee wakaanza kuulizana nani anabeba jeneza. Kornelia alihisi, kwa maneno yake mwenyewe, kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Kaburi lake lilikuwa pale. Hakuna aliyemdai tena. Angeweza kunyamaza tu, na jua lisingetua kabla hajazika.

Hakunyamaza. Alimgeukia Fahima akamuuliza, "Mwanangu, mezani kwenu sasa yuko nani?"

Fahima hakutaka kujibu. Akabanwa. Akasema, "Iko mwanamke mumoja, mama. Bado hayuko mezani, iko chumbani anasubiri. Aliokotwa ufukweni. Profesa alikuwa amekuja kumutangaza, akakufa bado hajamaliza pwani."

"Na Profesa akizikwa leo?"

"Wanafunzi wanaanza karibuni, mama. Ataingia yule mwanamke."

Kornelia aliniambia hakufikiri sana. Alimwona tu mama mmoja, mahali fulani kwenye pwani hii, anatafuta kusini. Akainuka. Akaomba ufagio, akaenda akafagia ukingo wa lile kaburi ambalo halina mtu, udongo wote uliomwagika akaurudisha upande mmoja. Kisha akamwambia Venanti, "Lete mbao ulifunike. Mvua isibomoe kuta."

"Shemeji, una wazimu? Mama wa watu amekusamehe!"

"Amenisamehe. Yule aliye chumbani bado hajajulikana ni wa nani. Basi yeye asubiri watu wake. Wangu mimi ninajua aliko."

Venanti alitupa jembe akaondoka. Hadi leo hamsemeshi. Msidhani nawaletea hadithi ya watu kukumbatiana. Nilipomuuliza Kornelia kama moyo wake umetulia, alinikata jicho. "Utulie kwa lipi? Nimempa mume wangu akakatwe. Mimi sikulala na profesa, nililala na mtu." Na desturi zetu mnazijua: asiyezika hawezi kwenda guca ku mazi, kule kujisafisha kwa maji baada ya mazishi, hawezi kuanza kuuondoa msiba. Mpaka shule imalize na kurudisha mifupa, mwaka, pengine miwili, Kornelia atabaki ndani ya msiba, nguo ile ile, na mbao zile zile mbele ya mlango wake. Anazifagia.

Shule ilipiga tena simu juzi, nikiwa pale pale. Walitaka sasa ile picha ya kutundika ukumbini. Kornelia aliwaambia, "Mnaye mwenyewe. Picha ya nini?" Akakata.

Kwa niaba ya redio hii, na kwa niaba ya kiti hiki cha pembeni ambacho leo hakina mtu, tunampa pole mama Kornelia. Tunampa pole Jovita. Tunampa pole mzee Venanti, na mzee, kama unanisikia, nenda ukamsalimie shemeji yako, hata kama bado una hasira. Pole kwa mama Kadidja, na kwa Fahima ambaye atasimama mbele ya mwalimu wake aliye uso wazi na kuwaambia wanafunzi waanze. Mungu amlaze Profesa Zabroni mahali pema. Na sisi tuliobaki tujiulize, ni wangapi tunawapita njiani kila siku kwa sababu tu hatujawaona nyuso.

Kazi yake aliiacha katikati. Mama Kornelia ameomba niimalize mimi. Kwa hiyo msizime redio. Tafadhali, leo msizime.

Mwanamke. Umri kama miaka arobaini. Mfupi, mweusi wa kung'aa. Ana mwanya kwenye meno ya juu. Mkono wa kushoto una kovu la kuungua, la mafuta ya moto. Kiunoni alikutwa na shanga nyeupe na kipande cha kitenge cha kijani kilichofungwa mafundo mawili. Aliokotwa ufukweni, kaskazini ya Gitaza. Anasubiri.

Huyu ni wa nani?